Shangazi wa Safari: Mama ana goti bovu, je, ashuke mgodi wa Wieliczka?

Tangu tulipougusia mgodi wa chumvi wa Wieliczka, kule Poland, katika toleo lililopita, barua hazijakatika. Kwa hiyo safari hii nazijibu za mgodi huo peke yake. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu inamhusu mama wa mtu.

Shikamoo Shangazi. Mimi natokea Tanga, nasoma shahada ya uzamili hapa Kraków. Mama anakuja mwezi wa saba kwenye mahafali yangu. Wenzangu wananiambia nisimwache aondoke bila kuona mgodi wa Wieliczka. Mama ana miaka 63, goti la kulia linamsumbua, na nilipomtajia habari ya kushuka chini ya ardhi alinijibu kwamba huko hushushwa maiti. Je, nimpeleke? Na nikimpeleka, nimwonyeshe nini hasa?
Kijana wa Pongwe

Marahaba mwanangu, na hongera kwa masomo. Mpeleke mama. Ila kwanza tuongee habari ya goti, maana hapo ndipo safari za wazee wengi huharibika.

Njia ya kawaida ya watalii inaanzia kwenye shimo la Daniłowicz. Kushuka ni kwa miguu, kwa ngazi za mbao zinazojikunja na kujikunja, vidato kama 380, hadi mita 64 chini ya ardhi. Ukimaliza hivyo hujamaliza. Mbele kuna vingine vimetawanyika njiani, na ukivijumlisha vyote vinafika kama 800. Matembezi yanaishia mita 135 chini, na kurudi juu ndiko kwa lifti. Watu wakisikia kuna lifti hutulia, lakini mwenye goti bovu anajua kwamba kinachomtesa ni kushuka. Mama yako asishuke ngazi zile.

Fanya hivi. Tiketi usinunue kwanza. Waandikie wenyewe mgodini, waeleze umri wake na hali ya goti, uulize juu ya njia ya watu wasioweza kutembea vizuri. Ipo sehemu ya mgodi iliyowekwa sawa kwa wanaotumia viti vya magurudumu, nao hushushwa kwa lifti. Jambo hilo hupangwa mapema, si la kwenda kuombea dirishani siku hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba mwezi wa saba ndio msimu wenyewe, na mgodi ule hupokea wageni zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Chukueni zamu ya asubuhi, siku za katikati ya wiki. Humo ndani hakuna kujitembelea, mnakwenda kikundi na mwongozaji, na inachukua saa mbili hadi tatu.

Sasa hofu yake. Usimwambie tu "hamna kitu, Mama". Mweleze atakachokikuta. Njia nyingi ni pana na zina taa, hewa inasukumwa muda wote, na baadhi ya vyumba dari yake iko juu mno kiasi kwamba mtu husahau yuko chini ya ardhi. Joto ni nyuzi 17 au 18 mwaka mzima. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni baridi, kwa hiyo abebe sweta, na miguuni avae viatu vya kufunga. Mahali pa kubana kweli ni lifti. Ni kizimba cha wachimbaji, watu mnasimama mabega yakigusana, nacho huenda kasi gizani. Ni kwa kitambo kidogo sana, lakini ajue mapema, na umshike mkono.

Umeniuliza umwonyeshe nini. Hapa nitakaa kidogo.

Mimi nimekulia Uvinza. Baba yangu alifanya kazi ya chumvi, na chumvi nyumbani kwetu tuliijua kwa mikono yake iliyopasuka. Ndiyo maana nikiingia Wieliczka siangalii sanamu kwanza, naangalia mbao. Chumvi ikishatolewa linabaki pango, na pango lisiposhikiliwa hujifunga lenyewe, kwa sababu mwamba wa chumvi hautulii. Unakandamizwa na uzito ulio juu yake, nao unasogea polepole mwaka hadi mwaka. Basi wachimbaji walirudishia magogo. Wameyapanga kwa kupishana kutoka sakafuni hadi darini, na mengine wameyapaka chokaa ili mwanga mdogo wa taa zao usambae. Chumvi imeyakausha, kwa hiyo hayaozi. Katika chumba cha Michałowice, ambacho kimo chake ni mita 35, mbao zimesimama tabaka juu ya tabaka mpaka shingo inauma kwa kuangalia. Waongozaji wengi hupita hapo wakionyesha taa kubwa za kuning'inia. Wewe mwombe mama asubiri kidogo, aangalie jinsi gogo lilivyokaa juu ya gogo. Aliyezipanga alikuwa anawapangia wenzake wa zamu inayofuata.

Mwonyeshe kwamba chumvi yenyewe si nyeupe. Kuta ni za kijivu, kwa mbali zina ukijani, na mtu asiyeambiwa atadhani ni jiwe la kawaida. Zamani mapande makubwa yalichongwa yawe ya mviringo ili yaweze kuviringishwa. Uzito huo wote ulivutwa kwa mitambo ya mbao iliyozungushwa na farasi. Farasi hao walikuwa na mazizi yao humo chini na wengi walikaa huko miaka. Wa mwisho, jike aliyeitwa Baśka, alitolewa nje mwaka 2002. Mitambo ya mbao bado ipo, mingine mikubwa kuliko nyumba ya mtu, na hapo mama atauliza maswali mengi kuliko mahali pengine popote. Mtafsirie mwongozaji anavyojibu, usimfupishie.

Kuna sanamu zinazoonyesha watu wanatambaa wameshika mienge kwenye miti mirefu. Hao walikuwa na kazi ya kutangulia. Gesi ya methani hujikusanya juu, karibu na dari, basi wao walikwenda mbele chini kwa chini, wakainua moto na kuiunguza kabla haijawa nyingi ya kulipua mgodi. Nguo walizilowesha maji kwanza. Mimi hapo huwa nasimama.

Halafu mtafika kwenye kanisa la Mtakatifu Kinga, mita 101 chini ya ardhi. Urefu wake ni mita 54, upana 18, na kimo kinafika 12. Kila kitu humo ni chumvi. Ni chumvi madhabahu, ni chumvi ngazi, ni chumvi sakafu ambayo utaapa kwamba ni vigae. Hata vipande vinavyometa kwenye taa za juu ni chumvi safi. Kazi ilianza mwaka 1896, na walioifanya walitoka miongoni mwa wachimbaji: Józef Markowski, akafuatiwa na ndugu yake Tomasz, kisha Antoni Wyrodek, aliyechonga ukutani Karamu ya Mwisho. Kutoka mkono wa kwanza hadi wa tatu ilipita zaidi ya miaka 60. Misa husomwa humo hadi leo siku za Jumapili. Kuhusu Kinga mwenyewe, yule binti mfalme wa Hungaria aliyetupa pete yake mgodini kwao na ikaja kuonekana Poland ndani ya bonge la chumvi, waachie waongozaji. Hekaya hiyo wanaisimulia vizuri, nayo mama ataipenda.

Neno moja zito. Kuna chumba cha Staszic, chenye kimo cha mita 36. Watawaambia kwamba humo mtu alirushwa kwa puto la hewa moto na mwingine akajirusha kwa kamba ya mpira. Mwaka 1944 Wajerumani waliwaleta katika mgodi huo wafungwa wa Kiyahudi wafanye kazi ya vipuri vya ndege za kivita. Habari hiyo inastahili kusemwa kabla ya habari ya puto. Mwongozaji asipoisema, mwambie mama wewe.

Assalaam aleikum Shangazi. Picha zote za Wieliczka ninazoziona ni makanisa na watakatifu. Mimi na mume wangu ni Waislamu kutoka Unguja, tunaishi Berlin. Hatutakuwa kama tumevamia ibada ya watu? Na hijabu si tatizo?
Mama Nasra

Waalaikumu salaam, Mama Nasra. Nendeni kwa amani. Hijabu haina shida yoyote. Mkichagua ile njia ya kuvaa kofia ngumu, funga mtandio mwepesi usioteleza.

Makanisa ni mengi kwa sababu hatari zilikuwa nyingi. Moto, maji, gesi, mwamba kuporomoka. Mtu aliyekuwa anashuka alfajiri hakuwa na uhakika wa kurudi, akataka mahali pa kumtaja Mungu karibu na kazi yake. Wachimbaji wa Poland mpaka leo husalimiana kwa maneno ya kuombeana baraka za Mungu. Wewe na mume wako mtalielewa hilo bila kufundishwa.

Nakuomba usiharakishe kwenye kanisa la Mtakatifu Antoni, la mwisho wa karne ya 17. Liko karibu na shimo la kuingilia, na kwa miaka mingi hewa yenye unyevu kutoka nje imekuwa ikipita hapo. Chumvi ikanyonya unyevu, sanamu zikayeyuka. Nyingine hazina pua wala macho, zimebaki maumbo tu. Mimi nazipenda kuliko zile za kanisa kubwa zinazong'aa, kwa sababu zinaonyesha kazi ya mgodi ule ilivyo hadi sasa: kuizuia hewa ya nje isiile chumvi. Wieliczka iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1978, ikiwa miongoni mwa maeneo 12 ya kwanza kabisa, lakini kuanzia 1989 hadi 1998 ilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya unyevu huohuo. Ikabidi iwekwe mitambo ya kukausha hewa.

Shangazi, sisi huku Gongoni chumvi tunaitoa baharini, kwenye mabwawa ya jua. Hao wenzetu wa Poland walikuwa wanamchimbia nani? Na bado wanachimba?
Mwalimu, Kilifi

Mwalimu, ile nayo ilikuwa bahari. Zaidi ya miaka milioni 13 iliyopita maji ya bahari yalinaswa pale, yakakauka, chumvi ikabaki na kufunikwa na udongo. Kilichofanyika ni kilekile mnachokifanya nyinyi kwenye mabwawa, ila bila koleo na kwa muda mrefu sana.

Walikuwa wanamchimbia mfalme. Watu wa pale walianza kwa kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi tangu enzi za kale, na katika karne ya 13 wakaufikia mwamba wenyewe. Mfalme Kazimierz Mkuu alitoa sheria za migodi hiyo mwaka 1368, na zama zake chumvi ilileta takriban theluthi moja ya mapato ya hazina. Ukiwafundisha watoto habari za nyama na samaki wa miezi ya baridi bila jokofu, wataona kwa nini. Mwaka 1772 Poland ilipogawanywa na majirani zake, mgodi ukaangukia mikononi mwa Austria, ukarudi kwa Wapoland mwaka 1918.

Kuchimba chumvi kwa biashara kulikoma kabisa mwaka 1996. Chumvi bado inapatikana, lakini kwa njia nyingine. Maji hupenya mgodini kila siku, na hayawezi kuachwa yatembee, yatakula nguzo. Hivyo hukusanywa, husukumwa juu, huchemshwa, na chumvi yake huuzwa. Mwaka 1992 maji yalifumuka kwenye njia moja iitwayo Mina, yakabeba mchanga na udongo, ardhi ya juu ikatitia mjini. Mgodi una njia za zaidi ya kilomita 240 katika ngazi tisa, hadi kina cha mita 327. Mtalii hutembea kama kilomita 3 tu. Zilizobaki zina watu wanaozikagua na kuzijaza ili zisibomoke, na kiingilio chako huchangia kazi hiyo.

Ni kweli mtu anaruhusiwa kulamba ukuta? Na naweza kuchukua kipande kama kumbukumbu?
Neema, Mbeya

Neema, usilambe. Kuta hizo zimeguswa na maelfu ya mikono kabla yako. Na usibandue hata kijipande. Kila mgeni akibandua kidogo, hakutakuwa na ukuta. Dukani wanauza mabonge ya chumvi na taa za chumvi, nunua hapo.

Nina pumu. Nimeambiwa hewa ya mgodini inaponya. Ni kweli?
Msomaji, Kigali

Daktari wa mgodi huo, Feliks Boczkowski, alianza kuwatibu watu pale kwa bafu za maji ya chumvi mwaka 1839, na leo kuna kituo cha tiba mita 135 chini, ambako wenye matatizo ya kifua hupangiwa mazoezi ya kupumua kwa siku nyingi mfululizo chini ya uangalizi. Hewa haina vumbi wala chavua, na wengi huona nafuu wakiwa ndani. Lakini matembezi ya saa tatu si tiba. Mwone daktari wako kabla ya safari, na dawa yako ya kuvuta iwe mfukoni, si kwenye begi uliloliacha juu. Mabegi makubwa hayaruhusiwi kushuka.

Shangazi, tuko vijana wanne wa Nairobi, tutapita Kraków. Hatutaki kupangwa foleni tukionyeshwa sanamu. Kuna kitu cha kutoa jasho?
Brayo na wenzake

Kipo. Ombeni njia ya wachimbaji, inayoanzia shimo la Regis, katikati ya mji wa Wieliczka. Mtapewa ovaroli, kofia ngumu, taa ya kichwani na kifaa cha kujiokoa hewa ikichafuka, kisha kiongozi atawagawia kazi: huyu kupima gesi, yule kusaga chumvi, mwingine kuonyesha njia. Hakuna taa ukutani, mwanga ni wenu wenyewe. Kufika ni rahisi, kuna treni kutoka kituo kikuu cha Kraków hadi Wieliczka Rynek-Kopalnia, na basi namba 304.

Mkiwa na siku ya ziada nendeni Bochnia, kama kilomita 40 kutoka Kraków. Mgodi wake ni mkongwe kidogo kuliko Wieliczka, chumvi ya mwamba iligunduliwa pale mwaka 1248, na wageni ni wachache zaidi. Mtapanda mashua chini ya ardhi, mtateleza kwenye bomba la mbao lenye urefu wa mita 140, na mkitaka mtalala humo humo usiku kucha, kama mita 250 chini.

Shangazi, kila siku Ulaya. Chumvi ya Uvinza itaandikwa na nani?
Muha wa Kasulu

Una haki ya kuuliza, tena umemuuliza mtu wa Uvinza. Pale mto Ruchugi unapokaribia Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi, na wanaakiolojia waliochimba miaka ya 1960 walikuta mashimo ya kuchemshia yanayorudi nyuma zaidi ya miaka 1,000. Kazi ilifanywa kiangazi, kwa sababu masika mafuriko huzifunika chemchemi. Watu walikuja kutoka mbali wakajenga vibanda, wakachemsha, wakawalipa machifu wa Wavinza sehemu ya chumvi yao, kisha wakaibeba hadi kwao. Katika karne ya 19 misafara iliyopita kuelekea Ujiji iliinunua, na ilibadilishwa na vitu vingine mpaka nchi za mbali. Baadaye Wajerumani wakajenga kiwanda, na reli ya kati ikapita hapo hapo.

Wieliczka isingekuwa na mitambo ile ya farasi ninayoisifia kama si mwalimu mmoja wa kuchora wa mjini pale, Alfons Długosz. Baada ya Vita vya Pili alizunguka kwenye njia zilizoachwa, akaokoa mashine za mbao, zana, taa na michoro ambayo wengine waliiona takataka, na mwaka 1951 ikawa makumbusho. Leo makumbusho hayo yako chini ya ardhi na katika ngome ya zamani ya wasimamizi wa chumvi.

Kwetu Uvinza vyungu vingi vimevunjika na wazee waliochemsha kwa kuni wamebaki wachache. Kwa hiyo Muha, na wengine wote wenye baba, bibi au mjomba aliyefanya kazi ya chumvi pale, niandikieni. Nataka majina ya chemchemi kama walivyoziita wenyewe, nani alikata kuni na alizitoa wapi, malipo yalikuwa nini, mzigo mmoja ulifungwaje na ulibebwa hadi wapi. Picha za zamani mzipige nakala, msinitumie zenyewe. Toleo la mwezi wa tisa nimeomba kurasa mbili kwa ajili hiyo, na mhariri amekubali.